Mtuachie njia ya kwenda ziwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni gadi mstaafu wa reli, mkazi wa Kasingirima hapa Ujiji. Kwa miaka 31 nilikaa behewa la mwisho la treni kati ya Kigoma na Tabora, na bendera zangu mbili, ya kijani na nyekundu. Sijawahi kuandika gazetini. Nimeshika kalamu kwa sababu niliona jambo jema mbali sana na kwetu, kisha nikarudi nyumbani na kukuta kinyume chake kwenye njia ya kwenda Ziwa Tanganyika niliyoikanyaga tangu utotoni.

Binti yangu wa pili anaishi na mumewe Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka jana walinikatia tiketi nikawatembelee, nikafika Agosti. Mwishoni mwa Septemba mkwe wangu akaniambia, "Baba, jiandae, tunakwenda pwani na msafara." Nikadhani ni msafara wa harusi.

Kumbe wenzetu wana magari ambayo ndani mna kitanda, jiko la gesi, choo na tangi la maji. Mengine yana ukubwa wa Coaster, mengine ni kama basi zima, na mengine ni tela linalovutwa na pikapu. Mimi nimezoea kuyaita magari-nyumba. Tulikuwa magari tisa, watu 19, wengi wao wastaafu. Tulianzia Astoria, karibu na pale mto Columbia unapoingia bahari ya Pasifiki, ukishapita chini ya daraja la zaidi ya kilomita sita, tukateremka kusini kwa barabara namba 101 mpaka Brookings, karibu na mpaka wa California. Pwani yote ya jimbo lile ni kama kilomita 580. Tuliitembea kwa siku 12. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Huko Septemba na Oktoba ni majira ya majani kupukutika. Nilihofia tumekwenda wakati mbaya, lakini wazoefu walinieleza kuwa ndio wakati wenyewe. Shule zimefunguliwa, barabara zina nafasi, kambini hukosi mahali, na ukungu unaofunika pwani wakati wa kiangazi mara nyingi huwa umepungua. Kando ya mito miti ya majani mapana ilikuwa imegeuka njano kama ganda la ndizi mbivu, nyuma yake misonobari imebaki kijani kibichi. Samaki wakubwa waitwao samoni walikuwa wanapanda mito kutoka baharini kwenda kutaga. Siku hiyohiyo nilipiga simu nyumbani nikaambiwa mvua za kwanza zimenyesha Kigoma na watu wanatayarisha mashamba. Nilisimama darajani na simu sikioni, natazama samaki wanapigana na mkondo, nikasikia harufu ya udongo wa Ujiji puani kabisa.

Nieleze kidogo namna msafara ule ulivyoendeshwa, maana kazi yangu ilinifundisha kuangalia mambo hayo. Kiongozi alikuwa mama wa miaka 70 hivi, zamani alikuwa dereva wa basi la shule. Kila asubuhi saa mbili tulikusanyika naye mbele ya gari lake, akatandaza ramani mezani na kutaja kilima kikali kiko wapi, mafuta wapi, na wapi mtu asijaribu kugeuza. Hatukuondoka kwa mkupuo. Magari yaliachiana dakika kadhaa ili tusiwazibie wenyeji barabara, na kila penye upenyo wa kuegesha aliyekuwa mbele alipisha waliomfuata. Tuliwasiliana kwa redio ndogo za mkononi. Gari la mwisho lilikuwa na vifaa vya matengenezo, na sharti lake lilikuwa moja: halimpiti yeyote aliyesimama njiani. Mkwe wangu ndiye aliyepewa gari hilo. Nilipoelezwa kazi ya gari la mkia nilicheka kwa furaha, nikawaambia hiyo ndiyo kazi iliyonilea. Tulipofika karibu na mji wa Florence tairi la tela moja lilipasuka. Mimi ndiye niliyerudi nyuma na pembetatu za kuakisi mwanga, kama nilivyokuwa nikirudi nyuma na bendera treni ikikwama katikati ya Usinge na Nguruka.

Sisi watu wa Ujiji msafara si neno geni kwetu. Misafara kutoka Bagamoyo ilitembea zaidi ya kilomita elfu moja mpaka hapa, kirangozi mbele na bendera yake, wapagazi katikati, na mwisho watu wa kuangalia asibaki mtu. Najua pia ilibeba pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na hilo silipambi. Ninachosema ni kwamba mji huu uliishi kwa kupokea wasafiri. Kisha mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, na wasafiri wakaendelea kuja kwa njia nyingine.

Sasa kambi. Karibu kila jioni tulilala kwenye hifadhi za jimbo zilizo kando ya bahari au jirani nayo: Fort Stevens, Nehalem Bay, Beverly Beach, Honeyman, Sunset Bay, Harris Beach. Si hoteli. Ni uwanja wenye miti, na kila gari lina kipande chake, meza ya mbao na mahali pa kuwashia moto. Kuna bomba la maji, nyaya za umeme, bafu na vyoo vya pamoja vilivyokuwa safi kuliko nilivyotarajia. Beverly Beach unapita kwa miguu chini ya barabara kuu na kutokea mchangani, hivyo mtoto haivuki barabara.

Kitu kimoja nilikikagua kwa makini. Gari-nyumba lina matangi mawili chini, moja la maji ya choo, jingine la maji ya kuoshea vyombo na kuogea. Hayamwagwi ovyo. Lipo shimo maalumu la zege lenye mfuniko na mpira wa kusafishia, na magari hupanga foleni pale kabla ya kuondoka. Nawaambia wenzangu wa Kigoma hivi kwa sababu najua mtu atasema, "Hao wageni wakija watatuchafulia ziwa." Hofu hiyo ni ya haki. Ziwa letu maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo, na kinachoingia humo hakiondoki leo wala kesho. Sisi tunayanywa. Ndiyo maana shimo lile linatakiwa litangulie kabla ya mgeni wa kwanza.

Niliona mengi ambayo siwezi kuyamaliza. Jabali la Haystack pale Cannon Beach, mita 72 limesimama mchangani peke yake, maji yakitoka unalifikia kwa miguu. Milima ya mchanga iliyofuatana kilomita zaidi ya 60 kusini ya Florence. Mbavu za Peter Iredale, meli ya chuma ya milingoti minne iliyokwama ufukweni tarehe 25 Oktoba 1906. Imeliwa na kutu, lakini watoto wanapita katikati yake na baba zao wanawasimulia. Nikawasimulia nami habari za Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Walinisikiliza kimya. Katika mji wa Seaside wamejenga mfano wa tanuri la mawe ambalo watu wa Lewis na Clark, wapelelezi wa Kimarekani waliovuka bara lile, walichemshia maji ya bahari mwanzoni mwa 1806 wapate chumvi. Nikakumbuka Uvinza, chumvi ya maji ya chemchemi iliyochemshwa pale tangu kabla reli haijafikiriwa, na magunia niliyoyahesabu stesheni usiku kwa taa ya mkono.

Siku moja tulivua kaa kwa vyandarua vya duara kutoka gatini. Kila mmoja wetu alikatiwa leseni kwanza. Kaa akitolewa anapimwa upana kwa kipimo, na akiwa jike anarudishwa majini hata awe mkubwa namna gani. Nikawaeleza kwamba nasi mwaka 2024 tulifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, na kwamba majirani zangu wanaoanika dagaa walipita miezi mitatu migumu ili samaki wazaliane. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mvuvi wa samoni alinishika bega. Alisema anaujua ugumu huo.

Usiku ule tukiwa tumeuzunguka moto waliniomba niwaeleze kwetu. Nikawaambia ziwa letu ni refu kuliko pwani yote tuliyoipita, kama kilomita 670 toka Burundi mpaka Zambia. Kina chake mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Nikawaambia usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, ukisimama Bangwe unaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini hadi unashindwa kujua mji uko upande gani. Nikawaeleza miembe ya Ujiji na jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871. Nikawaeleza Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuwatazama sokwe, na kwamba hakuna barabara ya kufika. Unaacha gari mjini unapanda boti Kibirizi. Kisha mgebuka wa kubanika, ugali wa muhogo, na mchuzi wa mawese.

Yule mama kiongozi akauliza swali la kikazi kabisa: "Mtu akija na gari lake mpaka Kigoma, atalala wapi karibu na maji?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia zipo sehemu za watu binafsi, na ni kweli zipo, na zinafanya kazi yake. Lakini yeye aliuliza kambi ya umma, kama hizo tulizokuwa tukilala. Na mimi nilikuwa nimeshapata swali hilo hapahapa nyumbani kabla sijasafiri. Julai magari manne yenye mahema juu ya paa, yaliyotokea Nyakanazi kwenda Katavi, yalisimama karibu na nyumbani kuuliza hilohilo. Walilala kituo cha mafuta. Asubuhi wakaondoka kwenda Uvinza na Mpanda bila kuugusa mchanga wa Tanganyika.

Lakini kambi si kiini cha barua yangu, Mhariri. Kilichonigusa zaidi ni mchanga wenyewe. Siku 12 sikukutana na mlinzi wa kuniambia hapa si pako. Kuna hoteli kubwa, kuna nyumba za matajiri zenye vioo toka sakafu hadi dari, na mbele yake mtu anapita na mbwa wake, mtoto anachimba shimo, bibi kizee kakaa kwenye gogo. Nikamuuliza binti yangu imekuwaje. Alinipeleka kwenye kibao cha maelezo, akanitafsiria, na baadaye nikamwomba anisomee zaidi.

Mwaka 1913 gavana wao, Oswald West, alitumia hila njema: alipendekeza sheria inayosema ufukwe ni barabara kuu ya umma, maana wakati huo watu walikuwa kweli wanapita na magari ya farasi mchangani. Barabara haiuzwi. Ikapita. Lakini ilihusu mchanga unaofikiwa na maji tu. Mwaka 1966 mwenye hoteli mmoja kule Cannon Beach akazungushia uzio mchanga mkavu mbele ya hoteli yake, akasema ni wa wateja wake. Watu wakalalamika kwa barua nyingi. Gavana aliyeingia mwaka uliofuata, Tom McCall, akaenda ufukweni kwa helikopta akiwa na wataalamu na wapima, wakapima mpaka papo hapo mbele ya waandishi. Mwezi Julai 1967 akatia saini sheria inayompa kila mtu haki ya kupita na kupumzika kwenye mchanga mkavu mpaka mahali mimea inapoanzia. Mwenye nyumba hakunyang'anywa nyumba. Alizuiwa tu kumfungia jirani bahari.

Nilirudi Ujiji Novemba. Siku ya tatu nikaamka alfajiri, nikaswali, nikasema niteremke ziwani kama ilivyo desturi yangu. Njia yetu inapita kati ya miembe miwili, inashuka taratibu, inakata majani, inatokea majini. Bibi mzaa mama aliipita na ndoo kichwani. Mama yangu aliipita na ungo wa dagaa wa kuanika. Mimi nilijifunzia kuogelea mwisho wa njia hiyo nikiwa na miaka sita, na wanangu wote wanne wamejifunzia hapo, akiwemo huyu wa Portland. Nikakuta mabati. Mabati mapya, na geti, na kijana mlinzi. Akanisalimia vizuri, simlaumu. "Shikamoo mzee. Hapa hakuna njia tena. Zunguka."

Kuzunguka ni karibu nusu saa kwa mtu wa umri wangu. Mwanamke mwenye ndoo ya dagaa mbichi na jua linapanda atazunguka hivyo mara ngapi kwa siku?

Sitamtaja mwenye uzio. Sijaziona karatasi zake, na huenda aliuziwa kwa nia njema na mtu aliyeamini ana haki ya kuuza. Nasema tu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mabati yale hayako mita 60. Nimepima kwa hatua zangu, na hatua ya gadi haikosei sana: ni 22 tu.

Lipo na jambo la pili ambalo wataalamu walitazame. Miaka hii maji ya ziwa yamepanda. Sote tumeona Kibirizi, Katonga na bandari ya Ujiji palivyomezwa, watu wakahama nyumba. Basi mita 60 zinapimwa kutoka wapi, ukingo wa zamani au wa sasa? Mtu akipimiwa ukingo wa zamani, leo mita zake nyingine ziko chini ya maji, na anayepita hana pa kukanyaga. Wale wa Oregon waliona tatizo hilohilo, ndiyo maana wakatafuta mstari wa mimea, alama ambayo hata mtoto anaiona. Hapa kwetu tuna matete, tuna miti. Wapima wetu hawashindwi kuweka vigingi.

Ninaiomba manispaa yetu ianze na kazi ndogo: wazee wa mitaa waitwe, kuanzia Kibirizi, Bangwe, Katonga mpaka huku Ujiji, waonyeshe njia za zamani za kwenda majini. Tunazijua zote. Nyingine hazizidi upana wa mkokoteni. Ziandikwe kwenye ramani, ziwekewe vigingi, na yeyote anayejenga ajue kabla hajanunua bati la kwanza. Kifungu cha mita 60 kimewekwa kulinda mazingira. Naomba kilinde na mguu wa mwananchi pia.

Kisha, penye eneo la umma lililobaki wazi, kitengwe kiwanja kimoja cha kambi. Kimoja tu kwanza. Choo, bomba, shimo la maji machafu, kivuli, na mlinzi anayelipwa na ada ya wageni. Mama lishe wa jirani wapewe nafasi ya kuuza, maana msafara wa magari tisa asubuhi unataka chai na chapati kama abiria wa treni. Msafara kama ule ungeweza kuanza hapa, ukaacha magari salama na kwenda Gombe kwa boti, ukarudi, ukapita Uvinza na Mpanda, ukaligusa tena ziwa Karema na Kipili, ukamalizia Kasanga na maporomoko ya Kalambo yanayoanguka zaidi ya mita 200. Ningewashauri waje Juni hadi Septemba, kabla barabara za vumbi hazijageuka tope. Wala wasiwe wageni wa ng'ambo tu. Walimu wastaafu wa Tabora na Kasulu wana magari siku hizi, wana muda, na wengi wao hawajawahi kulala ukingoni mwa ziwa hili.

Mhariri, Agosti binti yangu anakuja na wanawe wawili. Mkubwa ana miaka sita. Tayari ameniuliza kwa simu kama kweli nitamfundisha kuogelea pale alipofundishwa mama yake, nami nimemwambia ndiyo. Naomba wahusika wanijibu kupitia ukurasa huu: nimpitishe njia gani?

Gadi Mstaafu wa Reli,
Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.